Maruge Darasani: Filamu, Ukweli na Insha ya Wasifu

Mwalimu mwenzangu, kuna mazoea yaliyokita mizizi katika shule zetu. Mitihani ya mwisho wa muhula ikishakamilika, projekta hutolewa stoo, mapazia hufungwa, na wanafunzi hutazama filamu huku mwalimu akisahihisha karatasi. Kengele ikilia, kipindi kimekwisha na hakuna aliyeulizwa swali. Katika makala hii ninashikilia kuwa filamu ya hali halisi, ile ambayo watangazaji wetu huiita makala, ni matini kama matini nyingine yoyote. Ina msimulizi, ina uteuzi wa matukio na ina mambo yaliyoachwa nje. Filamu isiyohakikiwa humwachia mtahiniwa picha nzuri kichwani na makosa mengi karatasini.

Hebu tuanze hapa nyumbani Eldoret. Mnamo Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanzishwa, Mzee Kimani Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo akiwa na umri wa miaka 84. Guinness wakamtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuwahi kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kuzungumzia elimu katika Umoja wa Mataifa. Mwaka 2010 kisa chake kikawa filamu, The First Grader, iliyoongozwa na Justin Chadwick. Oliver Litondo aliigiza Maruge, naye Naomie Harris akaigiza mwalimu wake, Jane Obinchu.

Filamu hiyo inasisimua, na uigizaji wa Litondo ni wa kupigiwa mfano. Hata hivyo, si filamu ya hali halisi. Ni mchezo uliobuniwa juu ya kisa cha kweli, na hapo ndipo mtahiniwa anapoteleza. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu aandike wasifu wa Maruge baada ya kuitazama. Yamkini atakuandikia kuwa mzee alikwenda shule ili ajue kusoma barua aliyotumiwa na Ofisi ya Rais. Barua hiyo ni nguzo ya msuko wa filamu: inazua taharuki, inafungua mbinu rejeshi za miaka ya Mau Mau, na inatatuliwa mwishoni. Maruge mwenyewe alieleza kuwa alitaka kujisomea Biblia. Msanii anayo haki ya kubadilisha kichocheo hicho, kwani barua hukaa vyema zaidi kwenye skrini. Mwandishi wa wasifu hana haki hiyo.

Hata umri wa miaka 84 unafaa kuulizwa. Maruge hakuwa na hati ya kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa. Aliamini kuwa alizaliwa mwaka 1920. Mwanafunzi anayeandika "alizaliwa mwaka 1920" na yule anayeandika "aliamini kuwa alizaliwa mwaka 1920" wametofautiana kwa maneno mawili tu, lakini wa pili ndiye aliyeanza kuelewa nathari isiyo ya kubuni. Kitenzi kama "alidai", "alieleza", "inasemekana" au "ilithibitishwa" ndicho kinachobeba uzito wa ushahidi. Sisi huvifundisha vitenzi hivi katika usemi wa taarifa kana kwamba ni suala la kubadilisha nyakati tu!

Kuna lingine ambalo mwalimu wa Eldoret hawezi kulikwepa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimng'oa Maruge hapa. Aliishi katika kambi ya wakimbizi wa ndani, na baadaye mwaka 2008 akahamia Nairobi, ambako aliendelea na masomo. Alifariki Agosti 2009. Filamu haikuigiza maisha yake ya kambini. Katika darasa langu huketi watoto ambao wazazi wao walihama wakati ule, na wengine ambao wazazi wao walibaki. Wasifu unaomwacha Maruge akishangiliwa New York ni mtamu na hauudhi mtu. Unaofika kambini unadai uangalifu wa kila neno. Je, tutaandika kuwa "alihama" ama "alihamishwa"? Nimeona wanafunzi wakijadili vitenzi hivyo viwili kwa makini kuliko walivyowahi kujadili kauli za vitenzi ubaoni. Sioni sababu ya mwalimu kuliruka swali hilo ili kuepuka zogo.

Sasa linganisha na filamu ya hali halisi yenyewe. Ninapendekeza The Letter (2019) ya Maia Lekow na Christopher King, iliyowakilisha Kenya katika mchujo wa tuzo za Oscar. Kijana Karisa anatoka Mombasa kurudi kijijini baada ya nyanya yake kutuhumiwa uchawi kwa barua. (Barua tena, ila hii haikubuniwa na mwandishi wa mchezo.) Polepole tunaona suala la ardhi likijitokeza nyuma ya tuhuma. Hapa hakuna mwigizaji. Je, kwa hiyo tunauona ukweli wote? La. Kamera inafuatana na Karisa, nasi tunafuatana naye. Tunamhurumia nyanya hata kabla ya kupima hoja za wanaomshutumu. Mimi pia ninamhurumia, na nadhani watengenezaji walitenda haki. Lakini mwanafunzi sharti aweze kuonyesha jinsi huruma hiyo ilivyojengwa: nani alipewa nafasi ndefu ya kusema, nani alipigwa picha kwa mbali, muziki uliingia wapi.

Huhitaji kuonyesha filamu nzima. Dakika nane zinatosha kwa kipindi kimoja, na stima ikipotea hujapoteza mengi. Onyesha kipande bila sauti, wanafunzi waandike walichokiona pekee. Kirudie kikiwa na sauti, waandike walichoambiwa. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo ufahamu wenyewe. Kisha wafupishe kipande kwa maneno sitini, jambo litakalowasaidia katika swali la ufupisho la karatasi ya pili. Kwa kuwa Kiswahili husikika katika The Letter huku tafsiri ya Kiingereza ikiandikwa chini ya skrini, waulize pia tafsiri imeacha nini. Wanafunzi hufurahia sana kuikosoa.

Kuhusu karatasi ya kwanza, ambapo insha ya kiuamilifu ni swali la lazima, wape wasifu wa Maruge mara mbili: kwanza baada ya filamu, halafu baada ya kuwapa tarehe na matukio yaliyo hapo juu. Usiisahihishe insha ya kwanza. Mrudishie kila mwanafunzi yake, naye apige mstari kwa kalamu nyekundu chini ya kila sentensi ambayo hawezi kutaja aliitoa wapi.