Matundu ya Mkeka

Mkeka ukikunjwa na kusimamishwa pembeni mwa chumba, panya akapita na kuutafuna, siku ya kuukunjua huoni tundu moja. Unaona matundu yaliyofuatana kwa mstari, yanafanana kama ndugu wa tumbo moja. Yale ya upande uliokuwa nje yameachana, na kadiri unavyokwenda kwenye kiini cha mkunjo yanazidi kusogeleana, maana mzunguko wa ndani ni mfupi. Tuseme sasa mkeka huo umeoza, vimebaki vipande kumi tu. Mwenye jicho na rula ataweza kuvirudisha kila kimoja mahali pake.

Hivyo ndivyo Mjerumani Hartmut Stegemann alivyolitendea gombo moja la ngozi lililotoka pangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Ni gombo la zaburi za shukrani, kwa Kiebrania, na aliyelinunua mwaka 1947 ni Eleazar Sukenik wa Jerusalem. Sukenik alifariki mwaka 1953 kabla toleo lake halijatoka. Lilipotoka, safu za maandishi zilikuwa zimepangwa ovyo, na vipande zaidi ya 60 vilikuwa vimewekwa kando kama makombo yasiyo na sahani. Mwaka 1963, katika tasnifu ambayo hata haikuchapishwa, Stegemann aliacha kuuliza maneno yanasema nini, akaanza kuuliza ngozi imeumia wapi. Akafuata madoa, michaniko na matundu, akalipanga gombo upya. Baadaye Mfaransa Émile Puech, akipita njia yake mwenyewe, alichapisha mpangilio wake mwaka 1988, nao ukawa karibu ule ule. Mafundi wawili walishona bila kuambiana, na mishono ikakutana.

Vipimo hivyo husema na mengine. Pengine matundu ya gombo huanza kwa kukaribiana mwanzoni mwa maandishi na kuachana mwishoni, yaani mwanzo ndio uliokuwa ndani. Huenda msomaji wa mwisho alimaliza kusoma akaliacha hivyo hivyo, asilikunje upya kama inavyotakiwa. Nampenda mtu huyo. Jina lake hatulijui, imani yake tunaibahatisha, lakini uvivu wake umepimwa kwa milimita.

Si kila aliyegusa vipande hivi alikuwa na mkono mwepesi. Pango la nne la Qumran, lililogunduliwa mwaka 1952, lilitoa maelfu ya vipande vya magombo zaidi ya 500, vingine vidogo kama kucha. Katika jumba la makumbusho mjini Jerusalem kundi dogo la wataalamu lilivitandaza mezani chini ya vioo, wakivilinganisha kwa rangi ya ngozi, kwa unene wake, kwa mwandiko, kwa namna mwandishi huyu anavyopinda herufi na yule anavyoinyoosha. Walipopata viwili vinavyooana walivibandika kwa selotepu. Gundi ikanyonywa na ngozi, ngozi ikazidi kuwa nyeusi, na tangu mwaka 1991 mafundi wengine wa mji huo huo wana kazi ya kuibandua, kipande kimoja kimoja.

Lakini kipimo cha fundi, kwa maoni yangu, ni mabano ya mraba. Kilicho nje ya mabano kipo kwenye ngozi. Kilichomo ndani ni dhana ya mhariri. Herufi inayoonekana nusu huwekewa nukta juu yake. Ni adabu ndogo, na kuivunja ni rahisi. Józef Milik, ambaye pengine hakuna aliyemshinda kwa kusoma vipande hivyo, alipochapisha mwaka 1976 mabaki ya Kiaramu ya Kitabu cha Henoko, alijaza mabano kwa ukarimu mno, hata wenzake wakalalamika kwamba msomaji anameza maneno ya Milik akidhani anakula ya Henoko.

Kitabu chenyewe kizima kimehifadhiwa kwa lugha ya Ge'ez tu, na Kanisa la Othodoksi la Ethiopia halikuacha kukisoma kama Maandiko. Mskoti James Bruce aliporudi Ulaya mwaka 1773 na nakala zake, huko wakafurahi kwamba kitabu kilichopotea kimepatikana. Kilipotea kwa nani?

Sehemu ya Mifano, sura ya 37 hadi 71, ambamo Mwana wa Adamu anaketi kwenye kiti cha utukufu, haikuonekana katika kipande hata kimoja cha Qumran. Milik alilijaza pengo hilo pia: akasema sehemu hiyo ni kazi ya Mkristo wa karne ya tatu. Wengi leo hawamfuati. Wanaiona ni ya Kiyahudi, ya miaka ya karibu na uhai wa Yesu. Nao panya na unyevu wanajua kunyamazisha.

Ukifungua Waraka wa Yuda katika Biblia ya Kiswahili, mstari wa 14 unamtaja Henoko, mtu wa saba tangu Adamu, na unabii wake. Kipande kimoja kutoka pango la nne kimebakiza masalio ya unabii huo huo kwa Kiaramu. Katika ukurasa wa mhariri ni herufi chache, nyingine zina nukta juu, na mabano yamezikumbatia kulia na kushoto.