"Atashinda Tu": Sarufi ya Kukata Tamaa katika Mijadala ya Uchaguzi ya Arua

Sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Katika makala haya tunahakiki maneno ambayo hayajachapishwa popote, nayo ni maneno ya wapiga kura wanapojadili kama rais aliyeko madarakani atachaguliwa tena. Tumechagua Arua na Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda, na hasa Ayivu, kaunti inayouzunguka mji wa Arua ambayo tangu Julai 2020 imekuwa sehemu ya Jiji la Arua. Lugha ya mama ya wengi huko ni Kilugbara. Kiswahili kilifika kwa njia ya jeshi, kwa biashara ya mipakani, na kwa watu waliorudi kutoka ukimbizini Kongo. Kwa hiyo wanafunzi wa huko wanapouleta mjadala huo darasani kwa Kiswahili, wanakuja na sentensi fupi ambazo zimekwisha kuiva.

Sentensi hizo ni tatu. Ya kwanza ni "Atashinda tu." Ya pili ni "Wanasiasa hudanganya, wote ni walewale." Ya tatu ni methali, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Zote zinasemwa kwa sauti ya mtu mwenye hekima, na msikilizaji hutikisa kichwa kukubali. Maoni yetu ni kwamba sentensi mbili za kwanza zinaficha mengi kuliko zinavyoeleza, na kwamba udhaifu wao unaonekana katika sarufi yenyewe.

Tuanze na "hudanganya". Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba kiambishi hu- cha mazoea hakichukui kiambishi cha nafsi. Mimi hudanganya, wewe hudanganya, wao hudanganya, kitenzi ni kilekile. Hakionyeshi wakati maalumu pia. Kwa hiyo anayesema "wanasiasa hudanganya" hajamtaja aliyedanganya, hajasema lini, wala hajasema kuhusu nini. Amesema jambo la kudumu, kama vile jua huchomoza. Hakuna anayelishtaki jua. Vivyo hivyo mbunge au waziri aliyetoa ahadi na kuivunja anajificha salama ndani ya hu-, kwa sababu lawama imegawanywa kwa wote mpaka haimgusi yeyote.

Linganisha na njeo ya -li-: "Aliahidi barabara hii, hakuileta." Hapa kuna mtu, kuna wakati, kuna kitu kinachoweza kuchunguzwa. Anayesema hivyo anaweza kupingwa kwa ushahidi, na anaweza pia kushinda hoja kwa ushahidi. West Nile ina mambo mengi ya kusemwa kwa -li-. Koboko ilitengwa kutoka Arua na kuwa wilaya mwaka 2005. Bwawa la Nyagak lilianza kutoa umeme mwaka 2012, lakini eneo hilo liliendelea kwa miaka mingi baadaye bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Mpiga kura anaweza kuuliza wilaya mpya ilileta nini, na umeme ulichelewa kwa sababu gani. Maswali hayo hayaulizwi mara mtu anaposema "wote ni walewale".

Hatudai kwamba wanaokata tamaa hawana sababu. Wanazo, tena nzito. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilibadilishwa ili kuondoa ukomo wa mihula ya urais, na Desemba 2017 Bunge likapitisha kuondolewa kwa ukomo wa umri. Katika kesi za uchaguzi za mwaka 2001 na 2006, majaji wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba sheria ilikiukwa, lakini walio wengi, 3 kwa 2 na kisha 4 kwa 3, wakakataa kubatilisha matokeo. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kuwa na shaka. Tunachosema ni kwamba shaka yake ina nguvu anapotaja mwaka, sheria na idadi ya majaji. Anapoifupisha kuwa "atashinda tu", anaidhoofisha.

Sasa tuitazame sentensi hiyo. Kiambishi -ta- kinatabiri, na "tu" inafunga mlango. Kiswahili kina njia nyingine: "huenda akashinda", "akishinda", "angeshindwa kama". Njia hizo zinaacha nafasi ya sharti, na penye sharti pana kazi ya kufanya. Ni kweli kwamba Yoweri Museveni ametangazwa mshindi mara saba, kuanzia 1996 hadi Januari 2026. Lakini kura alizotangaziwa hazikuwa zilezile. Mwaka 2006 zilikuwa karibu asilimia 59, mwaka 2011 zikapanda hadi 68, na mwaka 2021 zikashuka hadi 58. Sehemu kubwa ya kaskazini ilimpa Kizza Besigye kura nyingi mwaka 2006, kisha mwaka 2011 ikageuka. Kwa nini iligeuka? Hilo ni swali zuri la mjadala, na "atashinda tu" hailijibu. Yule anayesema kwamba takwimu zenyewe zilipikwa naye aseme kwa -li-: katika kituo gani, na fomu ya matokeo ilionyesha nini. Sheria inataka kura zihesabiwe hadharani kituoni, basi shahidi anaweza kuwa yeyote aliyebaki baada ya saa kumi jioni.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Arua mjini. Juni 2018 mbunge wa manispaa, Ibrahim Abiriga wa chama tawala, aliuawa kwa risasi. Uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi yake ukapangwa tarehe 15 Agosti. Siku mbili kabla yake vurugu zilizuka, na Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, akapigwa risasi akafa. Watu zaidi ya 30 walikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Mgombea huru Kassiano Wadri alikuwa kizuizini siku ya kupiga kura. Kama kuna siku ambayo sentensi "hata nikipiga, haisaidii" ilistahili kuaminiwa, ilikuwa siku hiyo. Hata hivyo watu walikwenda vituoni, na Wadri akashinda kwa kura 6,421 dhidi ya 4,798 za mgombea wa chama tawala. Kiti kimoja hakikubadilisha serikali, na gharama yake ilikuwa damu. Lakini baada ya siku hiyo, mtu wa Arua anayesema kwamba kura haijawahi kubadili kitu anasema jambo lisilo kweli kuhusu mji wake mwenyewe.

Imebaki methali ya zimwi. Wapo wanaoidharau kuwa ni maneno ya woga. Sisi tunaona ndani yake historia. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Kongo na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa na askari wa serikali ya wakati huo. Mzee aliyeyaona hayo, kisha akarudi nyumbani, anaposema kwamba atampigia kura aliyeleta utulivu, anatumia -li- kama tunavyotaka. Anastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kuitwa mjinga. Lakini naye tumkumbushe kwamba methali hiyo haimsifu zimwi. Inakubali kwamba linakula. Inasema tu kwamba halikumalizi.

Tunawashauri walimu walifanye jambo hili kuwa zoezi darasani. Mwanafunzi akileta sentensi yenye hu- kuhusu siasa, aambiwe aiandike upya kwa -li-, akitaja mtendaji, mwaka na mahali. Akishindwa, atambue kwamba alikuwa anarudia uvumi. Akiweza, ana hoja, iwe ya kumtetea rais au ya kumpinga. Zoezi hili halimwambii mtu ampigie nani kura. Linamdai mwanafunzi ajue anachokisema, na kudai hivyo ni sehemu ya kazi yetu.