Nani Aligundua Piza ya Napoli?

Kuna hadithi ya safari ambayo imetuchosha na bado tunaisoma. Msafiri yuko katika mji fulani wa Italia. Ametazama makanisa na magofu mpaka miguu inawaka, anakata kona asiyoijua, na ati hapo ndipo "anagundua" mkahawa wa piza. Tanuri la kuni, meza ndogo, harufu ya basili. Piza tamu kuliko zote duniani. Kwisha.

Kwa rika letu, mama wa hadithi hizi ni Eat, Pray, Love ya Elizabeth Gilbert, kitabu cha 2006. Nakala yangu niliitoa kwa wale wauza vitabu wa kuinama pale Tom Mboya, na aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa amekunja kurasa za Italia peke yake. Simlaumu. Gilbert, akiwa ametoka kwa talaka, anashuka kutoka Roma hadi Napoli na rafiki yake Msweden. Wanaingia L'Antica Pizzeria da Michele na kila mmoja anaagiza piza yake nzima. Ni kurasa chache tu, lakini zina njaa ya kweli. Mwanamke anakula bila kuomba mtu msamaha, na hilo si jambo dogo.

Halafu soma vizuri: Gilbert hagundui chochote. Anasema wazi kwamba rafiki yake wa Roma, Giovanni, ndiye alimpa jina la mkahawa. Da Michele ilianza 1870, jamani. Waliokuja na neno "kugundua" ni wafuasi wake, hasa baada ya filamu ya 2010 kumketisha Julia Roberts ndani ya mkahawa huo huo.

Ugomvi wangu naye uko kwingine. Kuna mahali anawaangalia wanaume wa tanuri, mikono imekunjwa, jasho, sigara mdomoni, na anawafananisha na vibarua wanaochochea makaa katika tumbo la meli. Picha kali, na inasema mengi kuliko alivyokusudia. Kama wao wako tumboni, basi yeye ni abiria wa juu. Hakuna hata mmoja wao anayepewa neno la kusema.

Neno hilo hilo, tumbo, ndilo Matilde Serao alilolitia kwenye jina la kitabu chake, Il ventre di Napoli, mwaka wa kipindupindu, 1884. Serao alikuwa mwandishi wa habari aliyeijua Napoli kwa miguu. Piza yake ni kipande cha senti, kinachouzwa kona ya barabara na kijana aliyetumwa na mwenye duka. Kijana anasimama pale karibu siku nzima, vipande vikipoa kwa baridi, vikigeuka manjano kwa jua, nzi wakila kwanza. Huyo kijana tunamjua. Kwetu anasukuma mkokoteni wa smoki na mayai boilo. Serao hakusema piza ni tamu kuliko zote. Alisema nani anaila, na kwa nini hana kingine.

Sasa, kupotea njia. Hadithi hii yote inasimama juu ya uhuru wa kupotea, na uhuru huo hugawanywa na pasipoti. Sisi, kabla hata ya kunusa Napoli, fomu ya viza ya Schengen inataka tuseme tutalala wapi, tutarudi lini, benki kuna ngapi, na bima isiyopungua yuro 30,000. Gilbert mwenyewe alikuwa amelipwa mapema na mchapishaji ili aende akaandike. Mkenya akitaka kukata kona asiyoijua, afadhali awe ameiandika kwenye ratiba.

Kwa hiyo nikikutana na msafiri anayeandika "tulijikuta tu pale", natafuta jina la aliyemwelekeza. Mara nyingi halipo. Gilbert, angalau, alimtaja Giovanni.