Mtawala wa Siku Moja: Filamu ya "Mudhalvan" na Vita Dhidi ya Rushwa

Sanaa haiko nje ya mapambano ya jamii. Filamu inayowachekesha na kuwapiganisha watu kwa muda wa saa tatu huwa pia inafundisha, hata kama aliyeitengeneza alikusudia kuuza tiketi tu. Kwa hiyo hatuna budi kuzichambua filamu ambazo wananchi wetu wanazitazama hasa, si zile tu ambazo wasomi wangependa zitazamwe. Katika vibanda vya video vya Dodoma na miji midogo ya nyanda za kati, filamu za Kihindi zimekuwa darasa la jioni la vijana kwa miaka mingi. Yafaa tujiulize: darasa hilo linafundisha nini juu ya rushwa?

Tumechagua filamu moja. "Mudhalvan", yaani Mkuu, ilitengenezwa kwa lugha ya Kitamil na mwongozaji S. Shankar mwaka 1999. Mwaka 2001 Shankar huyo huyo aliirudia kwa Kihindi, akaiita "Nayak", na mchezaji mkuu akawa Anil Kapoor.

Kisa chenyewe ni hiki. Pugazhendi, mfanyakazi wa televisheni anayechezwa na Arjun, ananasa ushahidi kwamba Waziri Kiongozi wa jimbo, Aranganathan, aliwazuia polisi wasitulize ghasia mjini kwa kuhofia kura zake. Anamhoji mbele ya watazamaji wote. Waziri Kiongozi anapobanwa anamtupia changamoto: kama unaona kazi hii ni rahisi, ukae wewe kwenye kiti changu kwa siku moja. Kijana anakubali. Kwa siku hiyo moja anazunguka mitaani na taipureta, na amri za kuwasimamisha kazi wala rushwa zinachapwa papo hapo. Jua linapotua amekwisha kumtia mbaroni Aranganathan mwenyewe. Baadaye anachaguliwa kwa kura, wazazi wake wanauawa kwa bomu, na mwisho anamwangamiza adui yake kwa hila.

Filamu hii haikuzuka hewani. Katika jimbo la Tamil Nadu ukumbi wa sinema na ofisi ya Serikali vimekuwa nyumba moja. Annadurai na Karunanidhi, waliotawala jimbo hilo kwa kufuatana, walikuwa waandishi wa filamu. M. G. Ramachandran alikuwa shujaa wa sinema kabla ya kuwa Waziri Kiongozi kuanzia mwaka 1977 hadi alipofariki mwaka 1987, na Jayalalithaa aliyekuja kushika madaraka hayo mwaka 1991 alikuwa mchezaji pia. Mtazamaji wa Chennai anapomwona shujaa akikalia kiti cha utawala haoni ndoto tupu. Anaona jambo ambalo limekwisha kutokea kwake.

Ilipopatia

Tusiidharau filamu hii. Kwanza, imeonyesha kwamba rushwa haitoki kwa karani peke yake. Karani anakula kwa sababu anajua kwamba bosi wake anakula, na bosi anajua hivyo hivyo juu ya mkubwa wake. Tume ya Jaji Warioba, iliyoundwa hapa nchini Januari 1996 na kutoa taarifa yake mwishoni mwa mwaka huo, iliitenganisha rushwa ndogo ya mtu anayetafuta riziki na rushwa kubwa ya mwenye madaraka anayetafuta utajiri. Filamu inazionyesha zote mbili, na inamaliza siku ya shujaa wake mlangoni kwa mkubwa.

Pili, imeonyesha kwamba silaha ya kwanza dhidi ya rushwa ni uwazi. Aranganathan haangushwi na ngumi. Anaangushwa na maswali anayoulizwa hadharani, penye ushahidi na bila nafasi ya kukimbia.

Tatu, haikuwasamehe wananchi. Baba yake msichana anayependwa na shujaa ni mkulima mwema, lakini anataka mkwe mwenye kazi ya Serikali. Tunamfahamu mzee huyu. Yuko katika kila kijiji, nasi tunamlea kila tunapoihesabu ofisi kuwa ni ulaji, badala ya kuwa utumishi.

Ilipokosea

Kasoro kubwa ya filamu hii ni nafasi iliyowapa wananchi. Wamo wengi, lakini kazi yao ni kulia, kushangilia na kumbeba shujaa mabegani. Hawana kikao, hawana chama cha wafanyakazi, hawana ushirika, hawana mjumbe wao wanayeweza kumwita na kumhoji. Matatizo yao yanatatuliwa na mtu aliyepita kwa gari, na akishapita hakuna chombo kinachobaki nyuma yake.

Kasoro ya pili ni kwamba mwenye mali anayetoa rushwa amebaki gizani. Tunawaona wanaopokea, lakini nguvu ya fedha inayowanunua haikuchambuliwa. Rushwa ina ncha mbili. Mwanachama wa TANU aliahidi asipokee wala asitoe, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni ya kibepari, au kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa sababu lilitambua kwamba mtu hawezi kuwa mlinzi wa ghala na mlanguzi wa ghala hilo hilo. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Msomaji na apime mwenyewe yaliyofuata.

Kasoro ya tatu iko mwisho wa filamu. Shujaa anafyatua risasi, anamtupia Aranganathan bastola, na walinzi wanapoingia na kumwona ameishika wanampiga risasi. Kisha shujaa anasikitika kwamba naye amegeuzwa kuwa mwanasiasa. Mtengenezaji aliona tatizo, akalipita. Ikiwa haki inahitaji uongo ili ishinde, nani atamzuia mtawala wa kesho asiutumie uongo huo huo kwa mtu asiye na hatia?

Hali yetu wenyewe

Tungekuwa wavivu wa fikra kama tungeishia kuwachambua Watamil. Sisi nasi tumekuwa na siku zetu za mtawala mmoja mwema.

Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilianza kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Maduka yalikuwa matupu, na bidhaa zilizofichwa zikafichuliwa. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sheria iliyotungwa Aprili mwaka huo ilimnyima mshitakiwa dhamana na wakili, hata ikabidi mwaka 1984 itungwe nyingine badala yake. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenye Bunge, Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa. Walanguzi hawakufa pamoja naye. Vita iliyokuwa imeegemea bega la mtu mmoja ilipungua makali bega hilo lilipoondoka.

Kuanzia Novemba 2015, chini ya Rais John Magufuli, tuliona tena wakubwa wakisimamishwa kazi hadharani, na lugha yetu ikapata msemo wa kutumbua majipu. Mei 2017, hapa Dodoma, iliyokuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilivunjwa kwa saini moja baada ya malalamiko ya miaka mingi juu ya viwanja. Saini ilikuwa ya siku moja. Migogoro ya viwanja haikuwa ya siku moja, na haikwisha siku ile.

Linganisheni na Februari 2008. Kamati Teule ya Bunge chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ilisoma Dodoma taarifa yake juu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Tarehe 7 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, huku akilalamika kwamba Kamati haikumhoji. Lalamiko hilo ni fundisho: chombo kinachotafuta haki lazima nacho kitende haki. Lakini hapakuwa na bastola wala hila. Palikuwa na kamati, maandishi, mjadala na wananchi waliokuwa wakifuatilia. Kwa hiyo tunasema wazi kwamba tangazo la Januari 2016, kwamba televisheni ya Taifa haitarusha tena moja kwa moja mijadala yote ya Bunge kwa sababu ya gharama, liliwanyang'anya wananchi silaha ile ile ambayo filamu hii inaisifu.

Hitimisho

Katika vijiwe vya Dodoma mazungumzo juu ya rushwa mara nyingi huishia kwenye neno moja: "Angekuwapo." Angekuwapo Sokoine, angekuwapo Magufuli. Neno hilo lina heshima ndani yake, lakini lina hatari pia, maana anayelisema amekwisha kujiondoa vitani. "Mudhalvan" inampa mtu huyo mto wa kulalia.

Mkulima anayeuza mahindi Kibaigwa haibiwi na Aranganathan. Anaibiwa na lumbesa, na mizani iliyochezewa, na mtu anayepokea kitu kidogo ili asiione mizani hiyo. Hakuna Waziri atakayesimama sokoni hapo kila siku na taipureta. Watakaosimama ni wakulima wenyewe, wakiwa katika ushirika wanaousimamia, wakisomewa mapato na matumizi katika mkutano wa kijiji, na wakiwa na uwezo wa kumwondoa kiongozi asiyeeleza fedha zimekwenda wapi.

Hatusemi filamu hii isitazamwe. Itazamwe, na taa zikiwashwa watazamaji waulizane swali ambalo shujaa hakuulizwa: siku ya pili, baada ya wewe kuondoka, nani atashika ufunguo wa ghala? Kijiji chenye jibu la swali hilo hakitamngoja mtawala wa siku moja.