Jumba la Sanaa Chuoni: Kibuyu, Paa na Lugha ya Uhakiki

Wahakiki wetu wa Kiswahili wameandika mengi juu ya ushairi, riwaya na tamthilia. Juu ya uchongaji, ufinyanzi na uchoraji wameandika machache mno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upungufu huo ni wa lugha kama ulivyo wa sanaa, na kwamba jumba la sanaa chuoni ni mahali panapofaa kuanza kuuondoa.

Tutazame mfano mmoja. Huko Kipkelion, kama kwingineko katika nchi ya Wakipsigis, maziwa ya mursik hugandishwa katika kibuyu kiitwacho sotet. Ndani husuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, ambao huyapa maziwa rangi ya kijivu na ladha yake. Nje hupambwa kwa ngozi na shanga. Hapa fani na maudhui havitengani. Anayesifu shanga pekee ameyasahau maziwa, na anayekunywa tu hakuuona mkono uliopamba.

Je, kibuyu hicho kikifungiwa katika kabati la kioo, si kimekufa? Hoja hii ni nzito, nayo hutolewa na wale wanaoliona jumba la sanaa kuwa jambo la kigeni. Lakini popote chombo cha plastiki kinapochukua nafasi ya kibuyu, kibuyu huondoka bila kungoja kabati. Kikiondoka, huondoka pia majina ya sehemu zake na ya kazi ya kukitengeneza. Hasara hiyo ni ya mwanaisimu kwanza, kabla ya kuwa ya mchoraji.

Historia ya Makerere inatufunza zaidi. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, aliyeiunda sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu mwaka 1962. Chuo kilipata jumba lake la sanaa mwishoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, kazi ya Francis Nnaggenda ya mhanga wa vita iliwekwa katika maktaba kuu. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Msomaji anayekwenda kutafuta kitabu cha historia hukutana kwanza na mwili wa mti uliojeruhiwa. Sanaa ikiwekwa kwenye njia ya watu, hata asiyeitafuta huiona.

Nairobi nako, mwaka 1965, Elimo Njau na wenzake walianzisha jumba la Paa ya Paa. Jina lenyewe lastahili uhakiki. Likisomwa kama sentensi, paa huyo mnyama anapaa. Lakini kwa upatanisho sanifu tungetarajia "paa apaa", kwa kuwa mnyama ana uhai. Kwa maoni yetu upatanisho wa "ya" unakubalika, kwani paa anayechongwa na kuuzwa kwa watalii ni kitu, si kiumbe. Jina linakiambia kitu hicho kiruke, kitoke katika biashara ya kuiga. Na likisomwa kama umilikaji, linatukumbusha pia paa la nyumba inayokaribisha. Hapa mchongaji na mwanasarufi wanafanya kazi moja.

Moto wa mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi za jumba hilo. Kazi isiyoelezwa kwa maandishi ikiungua hupotea mara mbili: umbo lake, na kila neno ambalo lingesemwa juu yake.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo la gharama ndogo. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichopewa hati mwaka 2013, kimo katika kaunti moja na Kipkelion. Chuo cha namna hiyo hakihitaji kungoja jengo jipya, wala kushindana na maabara kwa fedha. Ukuta wa maktaba na rafu chache vyatosha kuanzia. Lililo la lazima ni maelezo: kila kifaa kiandikiwe kwa lugha ya aliyekitengeneza na kwa Kiswahili, na maelezo hayo yaandikwe na wanafunzi wa idara za lugha baada ya kuwahoji mafundi wenyewe. Idara ikifanya hivyo, uhakiki wetu utapata msamiati ambao hautapatikana katika riwaya peke yake, na akina mama wanaopamba vibuyu watahesabiwa miongoni mwa wasanii tunaowasoma.