Sauti Zisizo na Jina

Wako watu wasemao ya kuwa muziki ni ngoma, zeze na kinanda tu, na mengine yote ni makelele. Kijana mmoja wa Nairobi, Joseph Kamaru, ajulikanaye kwa jina la KMRU, hakubali neno hilo. Jina amelirithi kwa babu yake, yule mwimbaji mashuhuri wa Wakikuyu aliyefariki mwaka 2018, ambaye nyimbo zake zilijaa mithali na maonyo. Lakini mjukuu amechukua njia nyingine. Hunasa sauti za kila siku, za mvua, ndege, magari na watu wapitao. Kisha huzinyosha kwa mitambo hata ziwe kama ukungu wa asubuhi ziwani.

Kazi yake iitwayo Peel, ya mwaka 2020, haina mdundo wa kuchezea. Asiye na subira ataiacha upesi. Mwenye subira hupata faida: akiisha kuisikiliza, masikio yake huamka, naye husikia mchi kinuni, kasia majini na upepo katika mpunga kana kwamba ni mara ya kwanza. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Mwaka 2022 alitoa Temporary Stored. Humo alitumia sauti zilizowekwa katika makumbusho ya Tervuren, nchi ya Ubelgiji, ambako vitu vingi vya Kongo vilipelekwa zamani za ukoloni. Ni jambo jema, kwa kuwa sauti za wazee zilizofungiwa mbali zimetoka tena kwa mkono wa Mwafrika. Ila naona upungufu. Sauti zile huzama katika uvumi wa mitambo, na msikilizaji hapati kujua ni nani aliyeimba, wala kama ni kwa arusi au kwa msiba. Huenda atajibu ya kuwa hata makumbushoni zilikaa kama yatima. Lakini yatima huulizwa kwanza jina la baba yake. Naye KMRU alipozitoa upya nyimbo za babu yake, alizitoa kwa jina la mwenyewe. Basi ajua thamani ya jina.

Ndugu zangu wa Mwaya, neno hili latuhusu. Wazee wajuao nyimbo za kulima na za kupiga kasia wazidi kupungua, na siku hizi simu ya mkononi yatosha kunasa sauti. Tuzinase wangali hai, tena tuandike jina la mwimbaji, kijiji chake na maana ya wimbo, wajukuu wetu wasije wakazitafuta Ulaya.