Biti, Baiti na Mizani ya Mkongo: Uhakiki wa Istilahi za Upitishaji wa Data

Tangu kebo ya SEACOM ilipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulipoanza mwaka huo huo, lugha ya wahandisi imeingia katika zabuni, mikataba na mitaala yetu. Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache za vipimo vya mawasiliano hayo. Hayakusudii kuwalaumu wafasiri, ambao mara nyingi hufanya kazi kwa haraka, bali kuonyesha kwamba neno lililochaguliwa ovyo huweza kumgharimu mtumiaji fedha.

1. Biti na baiti

Maneno haya mawili yametoholewa vizuri na yamekwisha kuzoeleka. Kasoro haimo katika maneno yenyewe, bali katika desturi ya kuyakata. Waraka husema “laini ya mega 2” na kifurushi huitwa “mega 500”, kana kwamba mega ni kipimo. Mega ni kiambishi tu chenye maana ya milioni. Lazima ifuatwe na kitu kinachohesabiwa.

Baiti moja ni biti 8. Wahenga wetu walihesabu vibaba 4 kuwa pishi 1, wala hapakuwa na mnunuzi aliyekubali kulipia pishi akapimiwa kibaba. Hebu tuchukue mfano wa mwalimu wa Kumsenga, wilayani Kibondo, anayetaka kupakua faili la masomo lenye megabaiti 450. Akiambiwa laini ni ya “mega 2”, naye akadhani ni megabaiti 2 kwa sekunde, atatazamia kazi iishe kwa sekunde 225, yaani chini ya dakika 4. Kwa kuwa laini hupimwa kwa megabiti, kazi itachukua sekunde 1,800, yaani nusu saa. Wanafunzi wake, ambao wengi wao huanza na Kiha nyumbani na kujifunza istilahi za sayansi darasani, watayapokea maneno haya kama atakavyoyatamka yeye. Akiyachanganya, watayachanganya.

2. Kasi, upana na kipimo data

Katika tafsiri za programu za kompyuta limeenea neno “kipimo data”. Istilahi hii ina dosari mbili. Kwanza, kipimo ni kile tunachopimia, si kinachopimwa. Kusema “kipimo data cha megabiti 155” ni sawa na kusema “mizani ya kilo 20” kwa kukusudia maharage. Pili, majina mawili yamewekwa sambamba bila kiunganishi, muundo ambao hautuelezi uhusiano wake.

Wengine hutumia “upana wa mkanda”. Hii ni tafsiri sisisi. Asili ya dhana hiyo ni tofauti kati ya masafa ya juu na ya chini ya mawimbi, ambayo hupimwa kwa hezi. “Upana wa masafa” ungefaa zaidi, ukibaki katika uwanja wake wa redio.

Neno “kasi” linaeleweka na kila mtu, lakini nalo hupotosha. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri takribani kilometa 200,000 kwa sekunde, laini iwe ndogo au kubwa. Kinachoongezeka ni idadi ya biti zinazopita kila sekunde.

3. OC na STM

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Marekani hutumia ngazi za OC, na OC-1 ni megabiti 51.84 kwa sekunde. Mitandao ya kwetu imefuata ngazi za STM za utaratibu wa kimataifa, na STM-1 ni megabiti 155.52, yaani mara 3 ya OC-1. Kwa hiyo OC-3 ni sawa na STM-1, OC-12 ni STM-4, OC-48 ni STM-16, na OC-192 ni STM-64. Mfasiri anayebadili herufi akaiacha namba, akaandika STM-12 mahali pa OC-12, ameongeza ukubwa wa laini mara 3, tena kwa ngazi isiyotumika popote.

Aidha, megabiti 155.52 ni mzigo pamoja na gunia lake. STM-1 huchukua laini ndogo 63 za megabiti 2.048 kila moja, yaani megabiti 129.024, sehemu kubwa ya inayosalia ni ya kuongoza na kulinda safari ya mzigo huo. Mkataba usiotofautisha ukubwa ghafi na ukubwa halisi huacha mlango wa ugomvi.

4. Mapendekezo

(a) “Kima cha upitishaji” kitumike kwa idadi ya biti zinazopita kwa sekunde, na “upana wa masafa” kwa dhana ya hezi.
(b) Katika nyaraka za serikali, “megabiti kwa sekunde” na “megabaiti” yaandikwe kwa ukamilifu mara ya kwanza; baadaye Mb/s na MB, bila kuchanganya herufi ndogo na kubwa.
(c) OC na STM zisitafsiriwe, kama tusivyotafsiri kg, bali zifuatwe na thamani yake katika megabiti.
(d) Itajwe wazi kama kima ni ghafi au halisi.

Wasomaji wanaombwa kuyajadili mapendekezo haya. Istilahi mbovu katika hadithi humchosha msomaji; katika mkataba, mwananchi huilipia kila mwezi.